Pigeni picha inayoonyesha hilo jengo lilikuwa likifanya kazi gani

Haya jamani, shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi, mama zangu karibuni, viti vya mbele bado vipo. Nimeombwa niongee kuhusu upigaji picha na najua wengi mlitegemea niongelee harusi na sendofu manake ndizo picha zangu mlizozizoea, lakini leo nataka kuongelea vitu vingine kabisa, nataka kuongelea madaraja, maghala ya nafaka, minara ya maji, viwanda vilivyofungwa, haya madude yote ya chuma na matofali tunayopita chini yake kila siku tukienda kazini hapa Rock Island na Moline, Illinois, na kule ng'ambo ya mto Mississippi, Davenport, Iowa, alafu nitawapeleka kidogo St. Louis na miji mingine ya kwenye hii mito mikubwa.

Wanaonijua wanajua kazi yangu ya kila siku ni kuchomelea vyuma, kwa hiyo macho yangu yakiona kitu cha chuma yanakimbilia kwenye maungio, nataka kujua huyu kaunganishwaje na huyu, uzito unatoka wapi unaelekea wapi, na hicho ndo kimenifanya nipende kupiga haya madude kuliko hata sura za watu.

Niseme ninachoamini mapema ili mkinichoka muondoke nacho. Picha nyingi sana za majengo ya zamani zinazopigwa huku Midwest ni picha za kutu. Dirisha limevunjika, mti umeota juu ya paa, rangi inabanduka, mpigaji anaongeza kontrasti mpaka mawingu yanakuwa meusi kama siku ya kiyama, anarusha mtandaoni watu wanalaiki. Ukimuuliza ndugu yangu hapa palikuwa panafanyika nini, hajui. Ukimuuliza mfanyakazi alikuwa anasimama wapi, mzigo uliingilia mlango gani na kutokea wapi, hajui, na ile picha pia haijui. Mimi naona huko ni kulinyima lile jengo haki yake. Hilo jengo limelisha familia miaka 60 au 80, leo tunalipiga siku ya kufa kwake tu tunasema limependeza. Naomba mpige picha ambayo mtoto asiyezaliwa bado akiiangalia ataelewa kile kitu kilikuwa kinafanyaje kazi na binadamu alikuwa upande gani wa mashine.

Tuanze na hapa nyumbani. Nendeni mkasimame karibu na daraja la Arsenal, lile linaitwa Government Bridge, la mwaka 1896. Lina ngazi mbili, treni inapita juu magari yanapita chini, na kuna kipande kinazunguka ili meli zipite, na kinaweza kuzunguka duara zima. Injinia wake ni Ralph Modjeski, mzaliwa wa Poland, aliletwa huku na mama yake akiwa kijana tu mwaka 1876, na hili daraja ni katika kazi zake za mwanzo kabisa, baadaye akaja kuwa injinia mkuu wa daraja kubwa la Benjamin Franklin kule Philadelphia lililofunguliwa 1926. Vijana mlioletwa huku na mama zenu naomba hilo jina mlishike.

Sasa usipige daraja zima kwanza. Sogea. Tafuta sehemu ya wazi ya njia ya watembea kwa miguu uangalie ule mhimili kwa karibu, utaona vichwa vya mviringo vimejipanga safu kwa safu, hizo ni ribiti. Kabla ya kuchomelea kushika soko, chuma na chuma viliunganishwa hivi: kuna mtu anapasha ribiti kwenye jiko mpaka inakuwa nyekundu, anaichukua na koleo anamrushia mwenzie, mwenzie anaidaka kwa ndoo, anaichomeka kwenye tundu ingali ya moto, wa tatu anaikandamiza upande mmoja, wa nne anagonga upande wa pili mpaka inatengeneza kichwa, na ikipoa inasinyaa inazivuta zile sahani mbili zinabanana. Watu wanne kwa kila kichwa unachokiona pale. Sasa zidisha. Alafu ukiendelea kuangalia utakuta sehemu kuna bolti yenye nati ya pembe sita katikati ya ribiti, hapo ujue pamefanyiwa ukarabati baadaye, manake bolti zenye nguvu zilianza kuchukua nafasi ya ribiti kwenye miaka ya 1950 na 1960 hivi. Yaani ule mhimili unajieleza wenyewe, huyu ni wa zamani, huyu kaja juzi, hapa paliumwa pakatibiwa.

Na jinsi ya kuipiga hiyo ni kusubiri jua la pembeni. Jua likiwa juu ya kichwa ribiti zinalala, huoni kitu, ni chuma kijivu tu. Jua likija kwa upande, asubuhi mapema au jioni, kila ribiti inapata kivuli chake kidogo, ukuta wote unaamka. Hapo hata simu ya bei ndogo inatoa picha.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wamekaa miaka mingi Quad Cities, yaani hii miji yetu ya hapa, hawajaliwaza. Mississippi kote inateremka kwenda kusini, lakini ikifika kwetu hapa inageuka inatembea mashariki kwenda magharibi. Kwa mpiga picha hiyo ni kitu kikubwa sana, manake jua linachomoza juu ya mto upande maji yanakotoka na linazama upande yanakoelekea, na madaraja yote yamelala kaskazini kwenda kusini. Ukisimama pale kwenye bustani ya Schwiebert, Rock Island, asubuhi, ukigeukia kushoto kuangalia daraja la Centennial, lile la matao matano la mwaka 1940, unalipata likiwa limepigwa jua la usoni, na ukigeuka kulia kuangalia daraja la Arsenal unalipata jeusi tupu na mwanga nyuma yake. Jioni mambo yanageuka. Na kipindi cha baridi jua halipandi juu, linatembea chini chini upande wa kusini, kwa hiyo ukiwa upande wa Illinois unaangalia majengo ya Davenport mchana kutwa mwanga uko mgongoni kwako, lakini ukiwa Davenport unaangalia huku unapigwa na jua machoni. Ukilijua hilo hubahatishi, unajua saa ngapi uende wapi.

Historia ya pale mtoni nayo ni nzito. Daraja la kwanza kabisa la reli kuvuka Mississippi lilijengwa hapa hapa kwetu, mwaka 1856, hata mwezi haukuisha, tarehe 6 Mei meli ya mvuke iitwayo Effie Afton ikaligonga, ikashika moto, na kipande cha daraja kikaungua. Wenye meli wakaishtaki kampuni ya daraja, na mmoja wa mawakili wa upande wa daraja akawa Abraham Lincoln, kesi ikasikilizwa Chicago 1857 na baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana. Watu wa meli walikuwa wanasema mto ni njia yetu, watu wa treni wanasema nchi inaenda magharibi hatuwezi kusimama ukingoni. Sasa simama leo uangalie kile kipande kinachozunguka cha Arsenal, utaona ule ugomvi ulivyomalizwa kwa chuma, treni inapita, meli ikija daraja linapisha.

Ukitaka kuipiga hiyo subiri tishari. Chini ya kile kipande kinachozunguka kuna Loki namba 15, kile chumba cha maji cha kupandishia na kushushia vyombo, kilifunguliwa 1934. Chumba kina urefu wa futi 600, na tagi moja, kile chombo cha kusukumia, huwa inasukuma matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, ambayo ni karibu futi 1,000 bila kuhesabu tagi yenyewe, kwa hiyo hayaingii yote. Inabidi wayakate mafungu mawili, fungu la kwanza linaingia linapandishwa, alafu la pili na tagi yake, alafu wafunge upya na makebo. Hiyo kazi inakula saa nzima na zaidi, na wewe mpiga picha una muda wote huo, mabaharia wanatembea juu ya matishari na makebo mabegani, daraja linazunguka taratibu, magari yamejipanga yanasubiri. Kwenye fremu moja una mto, meli, reli, barabara na mtu anayevuta kebo. Hiyo nairudia mara nyingi na sichoki.

Sasa niongelee kuondoka kwa vitu, manake hapa ndo penye haraka. Wote mnakumbuka yale madaraja mawili ya barabara kuu ya I-74, ya kijani, ya kuning'inia kwa kebo, moja la 1935 na mwenzie wa 1960. Jipya lilikamilika 2021, na ya zamani 2023 yakaangushwa kwa baruti. Watu walijaa kingo zote mbili na simu zao, kila mtu ana video ya mlipuko. Sasa niulize humu ndani, nani ana picha nzuri ya lile daraja likiwa linafanya kazi, asubuhi ya kawaida ya Jumanne, magari yamebanana kwenye zile leni nyembamba, watu wanawahi shifti? Mikono michache mno. Tunapiga mazishi, tunasahau maisha.

Na kule Davenport tarehe 28 Mei 2023 jengo la ghorofa sita, la mwaka 1907, lililokuwa hoteli zamani na baadaye likawa nyumba za kupanga, lilibomoka upande mmoja na watu watatu wakafariki. Sitaki kulizungumza kwa wepesi kwa sababu wafu ni wafu na wana watu wao. Ninalotaka kusema ni kwamba baada ya pale, picha za ule ukuta zilizopigwa kabla ndizo zilizokuwa zinaangaliwa na kila mtu, matofali yalivyokuwa, pale palipotuna, pale palipobanduka. Picha ya kawaida ya ukuta yenye tarehe ni ushahidi. Wengi wetu tunakaa kwenye majengo ya zamani, kodi yake ndo tunaimudu. Ukiona ufa unakua, piga, weka tarehe, rudi mwezi unaofuata upige sehemu ile ile kwa umbali ule ule, na umpelekee anayehusika. Hapo kamera inalinda uhai.

Kuna kitu kimoja nyinyi mnacho ambacho wapiga picha wengi wa huku hawana. Humu ndani wengi mmepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, stesheni ya Kigoma mnaijua, na wapo waliobebwa na meli ya Liemba kutoka Kagunga kuja Kigoma mwaka 2015 wakati wa matatizo ya Burundi. Watalii wanaipiga picha ile meli kwa sababu iliundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande mpaka Kigoma, ikashushwa ziwani 1915, wanaiona kama kitu cha makumbusho. Lakini aliyelala juu ya deki yake na watoto na godoro anajua ile meli ni nini. Huyo akiipiga ataipiga kwingine kabisa, atapiga ngazi, atapiga pale watu walipokuwa wanajibana, atapiga mlango walioingilia. Jicho hilo hilo ndo nalitaka mlilete huku. Na wale wanaofanya kazi kwenye viwanda vya nyama, mnajua laini inavyokwenda, mnajua baridi ya mle ndani inavyoingia kwenye vidole, nyie mkiingia kwenye picha za kiwanda cha nyama cha zamani mtaona vitu ambavyo profesa hawezi kuviona.

Nawapa mfano. Karibu na East St. Louis, sehemu inaitwa National City, palikuwa na kiwanda kikubwa cha nyama cha Armour, kilifungwa 1959, kikakaa pale kimesimama miaka zaidi ya 50 na bomba zake na mitambo yake ya kugandisha ndani, kikabomolewa 2016. Kilipigwa picha na watu wengi sana na nimeziangalia nyingi, karibu zote ni za bomba refu la moshi, magurudumu makubwa ya mitambo, na mwanga unaoingia kwenye paa lililotoboka. Ni nzuri, sikatai. Lakini ni chache mno zinazokuonyesha reli ya juu ya kutundikia nyama ilipita wapi, mchinjaji alisimama wapi, damu ilitiririkia wapi. Anayeifanya hiyo kazi leo angejua pa kuelekeza lenzi dakika ya kwanza.

St. Louis kwenyewe ni safari ya saa nne hivi kwa gari kutoka hapa, na kama unapenda hivi vitu nenda, usiulize mara mbili. Wengi wakifika wanapiga lile Tao, Gateway Arch, lilikamilika tarehe 28 Oktoba 1965, lina urefu wa futi 630 na upana wa chini futi hizo hizo 630, na macho yanakataa kuamini kwamba ni sawa. Lipige, ni haki yako, ila vuka mto uende upande wa Illinois asubuhi, jua likiwa mgongoni kwako, ile stili inabadilika rangi kila dakika, inaanza kijivu inakuwa ya waridi inakuwa nyeupe. Ukishamaliza teremsha macho kidogo tu, kulia kwako, kuna daraja la matao matatu, hilo ndo Eads Bridge na mimi naona ndo mali yenyewe ya ule mji.

Eads lilifunguliwa tarehe 4 Julai 1874. Lile ni kati ya madaraja makubwa ya kwanza duniani kujengwa kwa stili, na aliyelijenga, James Eads, alikuwa hajawahi kujenga daraja maishani mwake. Huyu bwana alikuwa anazamia kwenye huo mto akitafuta mizigo ya meli zilizozama, alitembea kwenye tope la chini la Mississippi kwa miguu yake, kwa hiyo alijua kabisa ule mchanga wa chini unahama na nguzo lazima zifike kwenye mwamba. Akashusha makasha makubwa ya chuma yaliyojazwa hewa ya mgandamizo, watu wanachimba ndani yake chini kabisa ya maji, zaidi ya futi 90. Wakipanda juu haraka miili inawapinda kwa maumivu, wengine wanapooza, na zaidi ya watu 10 wakafa, manake wakati ule hakuna aliyekuwa anaelewa kwamba inabidi mtu apandishwe polepole. Sasa hicho huwezi kukiona kwenye picha ya matao. Mimi pale nashuka ukingoni maji yakiwa yamepungua, napiga nguzo ya mawe pale inapoingia majini, natoa fremu iwe ndefu ya wima, mawe mengi, maji, na daraja lionekane kidogo tu huko juu, ili mtazamaji akili yake ishuke chini. Na leo treni za mjini, MetroLink, zinapita ngazi ya chini ya daraja hilo hilo tangu 1993, kwa hiyo bado linafanya kazi, subiri treni ipite ndo ubonyeze.

Kitu kingine kule ni minara ya maji. Upande wa kaskazini wa mji, Grand Avenue, kuna nguzo nyeupe moja kubwa katikati ya barabara, ya mwaka 1871, futi 154, imechongwa kama nguzo za Wagiriki wa kale. Jirani yake kuna mwingine wa matofali mekundu wa miaka ya 1880, na wa tatu Compton Hill wa 1898. Mtu akipita anadhani ni mnara wa kumbukumbu ya mtu fulani. Hapana. Pampu za mvuke za wakati ule zilikuwa zinasukuma maji kwa vishindo, kila piga moja la pistoni linatuma kishindo kwenye mabomba ya mji mzima na mabomba yanapasuka, kwa hiyo ndani ya ule mnara kuna bomba moja la wima, kile kishindo kikija maji yanapanda humo badala ya kwenda kupasua mabomba ya watu. Ile nguzo ya kifahari ni koti tu la kuficha bomba. Ukishalijua hilo utataka kupiga nini? Mimi nataka kwenye fremu ile nguzo na nyumba za watu pamoja, bomba la maji ya zimamoto pale kona, mama anamwagilia maua, ili maji yawe kwenye picha.

Hizo nyumba nazo. St. Louis ni mji wa matofali, mwaka 1849 moto ulianzia kwenye meli mtoni ukala katikati ya mji, baada ya pale sheria ikataka watu wajenge kwa matofali, na udongo mzuri wa kufyatulia wanao chini ya miguu yao. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu 856,796. Sensa ya 2020 imekuta 301,578. Hebu fikirieni hizo nyumba tupu. Na kwa sababu yale matofali ni mazuri yakawa yanaibwa, watu wanaangusha kuta za nyumba zilizoachwa usiku, wengine wanachoma moto kabisa ili chokaa inayoyashika ilegee, matofali yanapakiwa yanaenda kuuzwa miji ya kusini kujengea nyumba za matajiri. Inaniuma sana hiyo. Ukiipiga nyumba iliyokatwa ukuta wa nyuma unaona karatasi za maua za chumba cha mtu, ngazi, ndoano ya koti. Pale nawaomba adabu. Majirani bado wanaishi, wengi ni watu weusi kama sisi, wamechoka na wageni wanaokuja na kamera kupiga umaskini wao wakaondoka. Sema habari kwanza. Uliza nyumba hii ilikuwa ya nani. Mara nyingi utapewa hadithi yenye thamani kuliko picha, na ukiondoka mtumie huyo mtu picha yake, hiyo ni deni.

Cincinnati, kwenye mto Ohio, nitapita haraka lakini kuna jambo lazima niliseme. Stesheni yao ya Union Terminal ilifunguliwa 1933, ina kuba nusu kubwa mno mbele, na ndani msanii Winold Reiss aliweka picha za vijiwe vya rangi zinazoonyesha wafanyakazi wa viwanda vya pale pale mjini. Na alifanyaje? Aliingia viwandani akawapiga picha wafanyakazi halisi, kutoka kwenye zile picha ndo akachora. Ukumbi wa kupandia treni ulipobomolewa 1974 watu wa mji walihangaika zile kuta za wafanyakazi zikaokolewa, zikahamishiwa uwanja wa ndege. Ukumbi ulikufa, sura za wale vibarua zipo. Mimi kwangu hilo limemaliza mjadala wa kwamba picha ya kiwanda iwe na mtu au isiwe na mtu.

Manake huo mjadala upo. Kuna mke na mume Wajerumani, Bernd na Hilla Becher, kuanzia 1959 walipiga minara ya maji, matanuru ya chuma na maghala ya nafaka miaka na miaka, Ulaya na hata Marekani, daima siku ya mawingu, kamera iko sawa, jengo katikati, hakuna mtu, alafu wanazipanga nyingi pamoja unalinganisha. Nawaheshimu sana na nimejifunza kwao kwamba siku ya mawingu si siku mbaya, kivuli kikiondoka umbo linabaki peke yake unaliona vizuri. Kwa maghala yetu ya nafaka ya huku hiyo njia inafaa kabisa. Ila la kuacha watu nje sikubaliani nalo, kwa haya tunayoyafanya sisi mtu lazima awepo, hata kama ni kwa ajili ya kuonyesha ukubwa tu.

Minneapolis mkienda kuangalia kinu cha unga cha Washburn A, kililipuka tarehe 2 Mei 1878 kikaua watu 18, na kilicholipuka ni vumbi la unga tu, unga huu huu wa mkate ukijaa hewani na cheche ikapita. Kikajengwa upya, kikafungwa 1965, kikaungua 1991, na mwaka 2003 wakafungua makumbusho ndani ya magofu yake, hawakuyaondoa. Pale unapiga ukuta ulioungua na kwa nyuma maporomoko ya maji yaliyokuwa yanazungusha mawe ya kusagia, vyote viwili pamoja.

Sasa mambo ya vitendo. Simu inatosha. Usiinue simu kuelekeza juu, jengo linaangukia nyuma, rudi hatua nyingi, shika simu wima kabisa, ardhi ya mbele utaikata baadaye. Piga tatu kila mahali: ya mbali inayoonyesha jengo liko wapi na mto uko wapi, ya kati, na ya karibu inayoonyesha maungio. Marekani ukiwa mahali pa umma unaruhusiwa kupiga kinachoonekana kutoka hapo, lakini kuingia kwenye kiwanja cha mtu bila ruhusa ni kosa, na reli ni mali ya kampuni, kusimama kwenye reli kupiga picha ni kosa na treni imeua watu wazima wenye akili zao. Kisiwa cha Arsenal ni kambi ya jeshi, getini fuateni utaratibu wao. Na vijana wa kiume nawaambia kwa upendo, msiende peke yenu gizani kwenye kiwanda cha watu, nendeni watatu wanne, mchana, vaeni vile vizibao vya rangi kali, mkiulizwa jibuni kwa utulivu, onyesheni picha zenu. Sakafu za mbao za viwanda vilivyoachwa msizikanyage, hakuna picha inayostahili mguu wako.

Alafu kuna serikali yenyewe. Tangu 1933 wana mpango wa kurekodi majengo ya kihistoria, na 1969 wakaongeza wa kurekodi kazi za uinjinia, madaraja, vinu, mitambo. Wanapiga kwa kamera kubwa, wanachora vipimo, wanaandika historia, na vyote viko Maktaba ya Bunge la Marekani, vinaangaliwa bure kwenye intaneti. Kabla hujaenda kupiga daraja lolote tafuta humo kwanza, utaona mpiga picha wa serikali alisimama wapi, na wewe nenda kasimame hapo hapo uone nini kimebadilika.

Na mwisho maandishi. Picha bila maandishi baada ya miaka 20 haina mwenyewe. Andika jina la mahali, tarehe, ulisimama wapi ukielekea wapi, na kama umeongea na mtu aliyefanya kazi pale andika alichosema kwa ruhusa yake. Kiwanda cha matrekta cha Farmall hapa Rock Island trekta la mwisho la kampuni lilitoka 1985, wazee waliofanya kazi mle bado wapo, wanakaa mitaa hii hii, tunasali nao, tunakutana nao dukani. Mkaribishe chai, muonyeshe picha, muulize stesheni yake ilikuwa wapi, na andika kwa Kiswahili kama ndo lugha inayokutoka vizuri, maktaba zinapokea.

Jumamosi inayokuja tukutane Schwiebert saa kumi na mbili asubuhi, wenye magari wapitie wasio na magari, akina mama mkija na watoto kuna nafasi ya kucheza. Tutaanza na Centennial likiwa limepigwa jua, alafu twende lokini kusubiri tishari. Njooni na koti, upepo wa mtoni asubuhi hauna huruma. Haya, nani ana swali?